Carmarthen, 1918 hadi 1997: jimbo la vijijini la Wales lisilokuwa mali ya chama chochote

Karani wa Zamani (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, heshima kwenu.

Wengi wanaofuatilia siasa za Uingereza hulifahamu jina la Carmarthen kwa ajili ya siku moja tu, tarehe 14 Julai 1966, ambapo chama cha Plaid Cymru, kinachotetea Wales kujitawala, kilipata mbunge wake wa kwanza. Habari hiyo husimuliwa kana kwamba ilidondoka kutoka mbinguni. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naamini simulizi ya namna hiyo inawapunja wapiga kura wa jimbo lile, ambao kwa miaka karibu hamsini kabla ya siku hiyo walikuwa wameshaonyesha mara nyingi kwamba kura yao hupewa mtu wanayemwamini, na kwamba chama huja baadaye.

Kwanza tulijue jimbo lenyewe. Carmarthen ulikuwa mji wa soko kando ya mto Tywi, kusini-magharibi mwa Wales, na jimbo lililobeba jina lake liliundwa mwaka 1918, wakati ramani nzima ya uchaguzi ya Uingereza ilipochorwa upya. Wilaya ya Carmarthenshire, ambayo tangu 1885 ilikuwa na majimbo ya Mashariki na Magharibi, iligawanywa kwa namna nyingine: viwanda na migodi mingi ya kusini-mashariki ilikwenda jimbo la Llanelli, na sehemu kubwa iliyobaki, yaani mashamba ya bonde la Tywi, vilima vya kuelekea mto Teifi, miji midogo ya Llandeilo, Llandovery, Newcastle Emlyn, St Clears na Whitland, ikawa jimbo la Carmarthen. Hapa watu waliishi kwa ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo jimbo halikuwa la wakulima peke yao, kwa kuwa upande wa kusini-mashariki palibaki wachimbaji wa makaa ya mawe, na mchanganyiko huo ndio uliofanya hesabu za uchaguzi ziwe ngumu kutabirika.

Watu wa huko walikuwa na kumbukumbu ndefu ya kutokubali kuonewa. Kati ya 1839 na 1843 wakulima wa eneo hilo, wanaume waliojivika nguo za kike na kujiita Rebecca na binti zake, walivunja usiku vizuizi vya ushuru wa barabara, na mwezi Juni 1843 umati ukaivamia nyumba ya kufanyizia kazi mafukara mjini Carmarthen. Kisha ukaja uchaguzi wa 1868. Enzi hizo kura ilitamkwa hadharani, mbele ya mwenye ardhi na wakala wake, na baadhi ya wapangaji wa Carmarthenshire na wilaya jirani ya Cardiganshire walifukuzwa mashambani mwao kwa sababu walikuwa wamempa kura mgombea wa Liberal. Ushahidi wa mateso hayo ulifika Bungeni na ukachangia kupatikana kwa sheria ya kura ya siri ya mwaka 1872. Familia zilizofukuzwa zilikuwa na wajukuu, na wajukuu hao ndio waliopiga kura katika jimbo tunalolizungumzia.

Nitaendelea kwa sehemu. Mwenye swali aulize.

Mama Zuhura

Asante sana mkuu kwa uzi wenye kichwa na miguu. Naomba kuuliza mapema. Ikiwa kumbukumbu ya makabaila ilikuwa kali kiasi hicho, je, chama cha Liberal hakikuwa na jimbo hilo mfukoni tangu mwanzo?

Karani wa Zamani

Dada, kwa miaka ya mwanzo ungeweza kusema hivyo. Liberal kilikuwa chama cha mpangaji dhidi ya kabaila, na cha waumini wa makanisa ya Kiprotestanti yaliyojitenga na Kanisa la Uingereza, na watu wa aina hizo mbili ndio waliokuwa wengi. John Hinds aliyechaguliwa mwaka 1918 alikuwa wa Liberal na alikuwa tayari mbunge wa Carmarthenshire Magharibi tangu 1910. Ellis Ellis-Griffith aliyemfuata mwaka 1923 alikuwa wa Liberal, naye akajiuzulu mwaka uliofuata. Katika uchaguzi mdogo wa Agosti 1924 akaja Sir Alfred Mond, mfanyabiashara mkubwa na waziri wa zamani wa afya, ambaye naye aliingia kwa tiketi ya Liberal.

Hapo ndipo jambo la kwanza zito lilipotokea. David Lloyd George, mwana Liberal kutoka Wales na waziri mkuu wa zamani, alikuwa ametoa sera mpya ya ardhi mwaka 1925, ambayo ingelifanya taifa kuwa mwenye ardhi ya kilimo na kumpa mkulima anayeilima haki ya kudumu nayo alimradi ailime vizuri. Mond aliipinga, na mapema mwaka 1926 akakihama chama akaingia Conservative. Fikirini uzito wa jambo hilo katika jimbo la wapangaji: mbunge wao alihama kwa sababu ya suala lile lile la ardhi lililowafukuzisha babu zao mashambani. Mond hakusimama tena mbele ya wapiga kura hao. Mwaka 1928 alipewa cheo cha ubwana na kuhamia Baraza la Malodi, na jimbo likaachwa wazi.

Uchaguzi mdogo wa mwaka 1928 uliamuliwa kwa kura 47. William Nathaniel Jones alilirudisha jimbo Liberal, lakini aliyemkaribia hivyo alikuwa Daniel Hopkin wa Labour. Mwaka mmoja baadaye Hopkin akashinda. Mwaka 1931, Labour ilipoporomoka nchi nzima, jimbo likarudi Liberal kwa Richard Thomas Evans. Mwaka 1935 Hopkin akalichukua tena. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mfuko wa Liberal ulikuwa umeshatoboka kabla ya 1930, na jimbo likawa linabadilisha mikono kila wapiga kura walipoitwa.

Hopkin aliteuliwa kuwa hakimu mwaka 1941, na kwa kuwa vyama vikubwa vilikubaliana kutoshindana wakati wa vita, Ronw Moelwyn Hughes wa Labour alipita bila kupingwa.

Kibwana86

Mkuu, nakubaliana nawe hadi hapo, ila hoja yako kwamba walichagua mtu kabla ya chama bado haijathibitika. Majimbo mengi ya Uingereza yaliyumba kati ya 1929 na 1935 kwa sababu ya upepo wa kitaifa, wala Carmarthen haikuwa peke yake. Ungetuonyesha mwaka ambao nchi ilikwenda kulia na jimbo likaenda kushoto, au kinyume chake, hapo ningekuelewa.

Karani wa Zamani

Ndugu Kibwana, umeuliza swali linalostahili, na jibu lake ni mwaka 1945.

Mwaka ule Labour ya Clement Attlee ilizoa viti 393. Liberal kilibaki na viti 12 tu na hata kiongozi wake akapoteza kiti. Katika mafuriko hayo Carmarthen ilifanya kinyume, kwa kumwondoa mbunge wa Labour na kumpa nafasi yake Rhys Hopkin Morris wa Liberal kwa tofauti ya kura 1,279.

Hopkin Morris alikuwa nani? Alikuwa mwanasheria aliyewahi kuwa mbunge wa Cardiganshire, jimbo la jirani, tangu 1923 hadi 1932. Alikuwa mwana Liberal ambaye hakumkubali Lloyd George hata siku moja, na alilisema hilo waziwazi katika sehemu ya nchi ambapo picha ya Lloyd George ilitundikwa ukutani katika nyumba nyingi. Baadaye alikuwa hakimu London, kisha mkurugenzi wa BBC huko Wales hadi 1945. Watu walimjua kwa ukaidi wake wa kanuni, na kwa mtazamo wangu walimchagua kwa ukaidi huo hasa. Mwaka 1950 alibaki kwa kura 187. Mwaka 1951 alibaki kwa kura 467. Kumbukeni kwamba tangu 1951 Liberal kilikuwa na wabunge sita tu katika Bunge zima, naye alikuwa mmoja wao, huku chama cha Conservative kikikaa pembeni ili wasiompenda Labour wampe yeye kura.

Alifariki Novemba 1956, wakati Uingereza inatoka katika fedheha ya Suez, yaani uvamizi wake wa Misri kwa ajili ya mfereji wa huko. Uchaguzi mdogo wa tarehe 28 Februari 1957 ndio ninaoupenda kuliko yote katika historia ya jimbo hili, hata kuliko ule wa 1966, nami naomba mnivumilie nikae nao kidogo.

Liberal walimsimamisha John Morgan Davies, mtu aliyeunga mkono uvamizi wa Suez, ilhali kiongozi mpya wa chama chake, Jo Grimond, aliupinga. Conservative hawakuweka mgombea. Plaid Cymru walimsimamisha Jennie Eirian Davies, aliyekuwa amegombea pia mwaka 1955. Labour walimleta Lady Megan Lloyd George. Huyu alikuwa binti wa Lloyd George mwenyewe, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge kutoka Wales, aliyeiwakilisha Anglesey kwa tiketi ya Liberal tangu 1929 hadi 1951, akakihama chama cha baba yake na kujiunga na Labour mwaka 1955. Katika miaka hiyo ya hamsini alikuwa pia ameongoza kampeni ya kuidai Wales bunge lake.

Kwa hiyo wapiga kura wa Carmarthen waliwekewa mbele yao kiti kilichoachwa na mtu aliyempinga Lloyd George maisha yake yote, kikigombewa na binti wa Lloyd George dhidi ya chama cha Lloyd George. Megan alipata kura 23,679, Morgan Davies 20,610, na Jennie Eirian Davies 5,741. Liberal kikabaki na wabunge watano nchi nzima. Familia zilizokuwa zimepiga kura ya Liberal tangu enzi za babu zao ziliweza kumpa kura mgombea wa Labour bila kuona kwamba zimebadili imani, kwa kuwa jina lake, lugha yake na msimamo wake juu ya Suez viliwaridhisha.

Sasa nakuuliza nawe, Ndugu Kibwana: kura hizo 23,679 zilikuwa za Labour zote?

Kibwana86

Hapana, nakiri kwamba sehemu yake ilikuwa ya Megan. Endelea mkuu.

Mwana-Lamu

Kabla hujaendelea, naomba kuongeza jambo dogo kwa faida ya wasomaji wa upande wetu. Jimbo jirani la Llanelli, ambalo mkuu amelitaja kuwa nusu ya pili ya Carmarthenshire, liliwakilishwa kwa miaka mingi na James Griffiths, mchimba makaa wa zamani. Huyu ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni mwaka 1950 na 1951, na alifika Kenya Mei 1951 ambako viongozi wa KAU (Kenya African Union) walimkabidhi madai yao ya ardhi na uwakilishi. Mwaka 1964 akawa waziri wa kwanza kuongoza wizara mpya ya Wales. Ni mtu yule yule.

Karani wa Zamani

Asante sana Mwana-Lamu. Uteuzi huo wa 1964 unahusika moja kwa moja na yafuatayo, kwa sababu kuundwa kwa wizara ya Wales kuliinua matarajio ya watu, na matarajio yakiinuliwa hudai majibu.

Tuje mwaka 1966. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 31 Machi. Megan alikuwa mgonjwa wa saratani na hakuweza kufanya kampeni. Wakili aitwaye Gwilym Prys Davies alizunguka jimboni kwa niaba yake. Matokeo yalikuwa haya: Megan 21,221, Hywel Davies wa Liberal 11,988, Gwynfor Evans wa Plaid Cymru 7,416, Simon Day wa Conservative 5,338. Tofauti ya kura 9,233 ilikuwa kubwa kwa jimbo lenye historia tuliyoiona. Megan alifariki tarehe 14 Mei.

Uchaguzi mdogo ukapangwa tarehe 14 Julai, na wagombea wale wale watatu wakarudi, Labour wakimsimamisha Gwilym Prys Davies. Matokeo: Gwynfor Evans 16,179, Gwilym Prys Davies 13,743, Hywel Davies 8,650, Simon Day 2,934. Gwynfor alishinda kwa kura 2,436.

Nimeziweka hesabu hizi mbili bega kwa bega na nawaomba mzitazame kwa utulivu. Labour ilipoteza kura 7,478 ndani ya miezi mitatu na nusu. Liberal kilipoteza 3,338 na Conservative 2,404. Jumla ya hasara ya vyama vitatu ni kura 13,220. Gwynfor aliongeza 8,763. Zilizobaki, 4,457, ndizo zilizopungua katika jumla ya waliopiga kura. Maana yake ni kwamba hata kama kila aliyeacha kupiga kura alikuwa wa Labour, bado kulikuwa na maelfu waliotoka Labour moja kwa moja, na wengine kutoka kila upande wa siasa, wakakutana kwa mtu mmoja.

Mtu huyo hakuwa mgeni kwao. Gwynfor Evans alizaliwa Barry mwaka 1912, akasoma sheria Aberystwyth na Oxford, akaja kuishi Llangadog katika bonde la Tywi akilima nyanya na mboga za kuuza. Alikuwa rais wa Plaid Cymru tangu 1945 na diwani wa Carmarthenshire tangu 1949. Alikuwa Mkristo mpinga vita. Alikuwa amegombea mara kadhaa katika jimbo la Merioneth kaskazini bila kufaulu, kabla ya kugombea nyumbani kwake mwaka 1964.

Zaidi ya hayo palikuwa na mambo ya ardhi na maji. Bonde la Tryweryn, pamoja na kijiji cha Capel Celyn, lilizamishwa ili kuipatia Liverpool maji, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1957 bila mbunge hata mmoja wa Wales kuiunga mkono. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya sitini mji wa Swansea ulitaka kufanya vivyo hivyo katika bonde la Gwendraeth Fach, ndani ya Carmarthenshire, na wakulima wa Llangyndeyrn wakafunga mageti ya mashamba kwa minyororo, wakawazuia wapimaji, hadi Swansea ikaacha na kwenda kujenga bwawa la Llyn Brianne kwenye vyanzo vya Tywi. Walikuwa wameshaonja ushindi wa kusimama pamoja. Tena treni ya abiria kati ya Carmarthen na Aberystwyth ilisitishwa mwaka 1965, migodi ilikuwa ikifungwa, na lugha ya Kiwelsh, iliyozungumzwa na takriban robo tatu ya wakazi wa Carmarthenshire katika sensa ya 1961, haikuwa na hadhi sawa na Kiingereza mahakamani wala katika fomu za serikali.

Mhadhiri Mstaafu

Ndugu Karani, uchambuzi wako wa namba ni safi na nimeufuatilia kwa makini. Hata hivyo naomba kutoa angalizo. Chaguzi ndogo za Uingereza huwa ni nafasi ya kuiadhibu serikali bila kuiondoa. Serikali ya Labour ya Harold Wilson ilikuwa na wingi wa karibu viti mia moja, mgomo wa mabaharia ulikuwa umetoka kumalizika, na sarafu ilikuwa inayumba. Mpiga kura alijua kwamba akimpa Gwynfor kura, Wilson atabaki madarakani. Yote uliyoyataja kuhusu maji na lugha yalikuwepo pia mwezi Machi, na mwezi Machi Gwynfor alikuwa wa tatu.

Karani wa Zamani

Mwalimu, naupokea uzito wa angalizo lako, na nakubali kwamba uchaguzi mdogo ulifungua mlango. Lakini wapiga kura wenye nia ya kuiadhibu serikali walikuwa na Conservative, chama kikuu cha upinzani, kilichopoteza karibu nusu ya kura zake, na walikuwa na Liberal aliyeshika nafasi ya pili mwezi Machi, ambaye naye alipungukiwa. Adhabu peke yake ingemnufaisha Hywel Davies, ambaye alihitaji sehemu ndogo tu ya kura za Labour. Wapiga kura walimruka wakaenda kwa aliyekuwa wa tatu. Ninavyoona mimi, kilichobadilika kati ya Machi na Julai ni kwamba Megan hakuwepo. Kura zake nyingi zilikuwa zake binafsi, na za dai la bunge la Wales alilolibeba, na zilipokosa mwenyewe zilimtafuta mtu mwingine anayefanana naye. Gwilym Prys Davies alikuwa mzalendo mwema wa Wales, lakini alibeba mzigo wa kuwa mtetezi wa serikali.

Matokeo yalipotangazwa usiku huo, uwanja wa mbele ya Guildhall mjini Carmarthen ulijaa watu. Gwynfor alipofika Westminster aliomba kuapa kwa Kiwelsh na Spika akakataa. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya lugha ya Kiwelsh ya zama hizo, na Novemba 1967 Winnie Ewing akashinda Hamilton kwa tiketi ya chama cha SNP cha Scotland. Katika majimbo ya makaa ya Rhondda Magharibi mwaka 1967 na Caerphilly mwaka 1968, ngome za Labour tangu zamani, Plaid Cymru ilishindwa lakini ikakatakata wingi wa Labour vibaya sana. Caerphilly ilishuka kutoka 21,148 hadi 1,874. Serikali ikaunda tume ya kuchunguza katiba, iliyotoa ripoti yake mwaka 1973.

Mama Zuhura

Mkuu, nilisoma mahali kwamba Gwynfor aliwahi kushindwa kwa kura tatu. Ni kweli au ni hadithi za vijiweni?

Karani wa Zamani

Ni kweli kabisa, dada.

Mwaka 1970 alikuwa ameshalipoteza jimbo kwa Gwynoro Jones wa Labour, kijana wa miaka 27 mzaliwa wa huko huko, kwa kura 3,907. Mwaka uliotangulia, Charles alikuwa amesimikwa kuwa Mwana Mfalme wa Wales huko Caernarfon, Gwynfor alikataa kuhudhuria, na suala hilo liliwagawa sana wapiga kura wake.

Tarehe 28 Februari 1974 wawili hao walikutana tena. Kura zilihesabiwa na kuhesabiwa upya, na mwisho wa yote Gwynoro Jones alikuwa na 17,165 na Gwynfor Evans 17,162. Uchungu zaidi ni kwamba usiku huo huo Plaid Cymru ilishinda viti viwili vya kaskazini, Caernarfon kwa Dafydd Wigley na Merioneth kwa Dafydd Elis Thomas, huku rais wa chama akibaki nje.

Hakuna aliyepata mamlaka kamili Westminster, kwa hiyo Oktoba 1974 uchaguzi ukarudiwa. Safari hii Gwynfor alipata 23,325 dhidi ya 19,685 za Gwynoro. Kumbukeni kwamba Gwynoro naye aliongeza kura 2,520. Kilichotokea ni kwamba wapiga kura wengi wa Liberal na Conservative, baada ya kuona jimbo limeamuliwa na watu watatu, waliviacha vyama vyao na kuchagua upande kati ya wawili hao. Sijui jimbo jingine la vijijini la enzi hizo ambapo umuhimu wa kura moja ulifundishwa waziwazi namna hiyo na kueleweka upesi namna hiyo.

Kibwana86

Na mwaka 1979? Kwa nini alipoteza tena wakati aliisaidia serikali ya Labour?

Karani wa Zamani

Hilo ni jambo la kusikitisha katika maisha ya Gwynfor, na nalisema kwa kumheshimu.

Tarehe 1 Machi 1979 watu wa Wales waliulizwa kama wanataka bunge lao, na wakakataa kwa uwiano wa karibu wanne kwa mmoja. Lilikuwa dai la maisha yake yote. Tarehe 28 Machi serikali ya James Callaghan ilianguka Bungeni kwa kura 311 dhidi ya 310. Wabunge watatu wa Plaid Cymru walikuwa miongoni mwa hao 310, kwa sababu serikali iliahidi fidia kwa wachimbaji wa mawe ya kuezekea waliougua mapafu kwa vumbi. Fidia hiyo ilipatikana, na wagonjwa hao walikuwa kaskazini, katika majimbo ya wenzake wawili. Wiki chache baadaye Labour ikalichukua jimbo la Carmarthen kupitia daktari Roger Thomas, kwa tofauti ya kura 1,978. Nafikiri Gwynfor alifanya lililo sawa, na ningemwambia hivyo mpiga kura yeyote wa jimbo lake.

Mwaka 1980, akiwa nje ya Bunge, alitangaza kwamba angefunga kula hadi kufa kuanzia Oktoba iwapo serikali ya Margaret Thatcher ingeendelea kuivunja ahadi yake ya kituo cha televisheni cha Kiwelsh. Serikali ilirudi nyuma mwezi Septemba, na kituo cha S4C kikaanza kurusha matangazo Novemba 1982. Mtu angetarajia jimbo limrudishe kwa shukrani mwaka 1983. Halikumrudisha, Roger Thomas alishinda tena, Conservative wakawa wa pili na Gwynfor wa tatu. Ndipo alipoachia. Alan Williams wa Labour alishinda mwaka 1987 na 1992.

Mhadhiri Mstaafu

Hapo umenigusa, kwani wengi huamini kwamba wakulima wa Uingereza ni Conservative kwa asili. Je, jimbo hili lilichagua Conservative lini?

Karani wa Zamani

Halikuchagua kamwe, mwalimu. Tangu 1918 hadi lilipofutwa mwaka 1997, Conservative walikuwa na kiti cha Carmarthen kwa muda mmoja tu, ule wa Mond baada ya kuhama, na wapiga kura hawakumchagua kama Conservative. Mkulima wa huko alikuwa mwenye shamba dogo, msemaji wa Kiwelsh, muumini wa kanisa lake la kijijini. Kwake Conservative kilikuwa chama cha jumba kubwa la kabaila na cha Kanisa la Uingereza, na hata kabaila alipouza ardhi na mpangaji akawa mwenye shamba, picha hiyo ilichelewa kufutika.

Mwaka 1997 tume ya mipaka ililigawa eneo hilo kati ya Carmarthen Mashariki na Dinefwr, na Carmarthen Magharibi na Pembrokeshire Kusini. Upande wa mashariki ukaenda kwa Plaid Cymru mwaka 2001 kupitia Adam Price. Upande wa magharibi, uliounganishwa na eneo linalozungumza Kiingereza zaidi, ulichukuliwa na Conservative Simon Hart mwaka 2010. Mwaka 2024 mipaka ilibadilishwa tena, likaundwa jimbo linaloitwa Caerfyrddin, yaani jina la Carmarthen kwa Kiwelsh, na Ann Davies wa Plaid Cymru akamshinda Hart, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu wa serikali iliyoondoka.

Mwana-Lamu

Swali la mwisho kwangu, mkuu. Ile kura ya maoni ya pili ya 1997, iliyoipa Wales bunge lake, Carmarthen ilisimama wapi?

Karani wa Zamani

Ilifanyika tarehe 18 Septemba 1997, miezi michache baada ya jimbo kufutwa. Matokeo yalitangazwa wilaya kwa wilaya, ishirini na mbili kwa jumla, na zilipokuwa zimetangazwa ishirini na moja, upande wa hapana ulikuwa mbele. Ikabaki Carmarthenshire peke yake. Kura za ndiyo zilikuwa 49,115 na za hapana 26,119, na kwa hesabu hiyo Wales nzima ikawa imekubali kwa tofauti ya kura 6,721. Gwynfor Evans alikuwa hai kuyasikia. Alifariki mwaka 2005.

Ila tuwe waangalifu: Carmarthenshire iliyohesabiwa usiku ule ilijumuisha Llanelli pia, mji wa viwanda wa James Griffiths, ambao haukuwa ndani ya jimbo la Carmarthen. Kura zile ni za wote wawili.